Bibi Zena na Upasuaji wa Uzazi

Naona aibu mpaka leo, nikikutana na mtu wa Rudewa pale stendi ya Kilosa najifanya nasoma simu. Kazi yangu ilikuwa nyepesi (kwenye karatasi): watafiti wamepata kumbukumbu za bima ya afya za wazee waliokubali, mimi nawatembelea kuhakiki kama matibabu yaliyoandikwa ndiyo waliyopata, ili ijulikane presha inawatesaje wazee wa huku. Basi.

Nikamkuta Bibi Zena, miaka sabini na nne, barazani na wanawake kama kumi wanachambua mchele wa harusi ya jirani. Shikamoo, marahaba, karibu ndani mjukuu wangu. Nikasema hapana Bibi, hapahapa panatosha, maswali yenyewe mawili matatu tu (nawahi basi la Mikumi, mjinga mimi). Kumbe Bibi hasikii vizuri. La presha niliuliza mara tatu, kila mara napandisha sauti, na kufika mstari wa pili wa kumbukumbu zake nilikuwa napiga kelele kama niko mnadani, wala sikuusoma kwanza kimyakimya:

"Bibi! Hapa inaonyesha mwaka jana ulijifungua kwa upasuaji!"

Nyungo zote zikasimama.

"Mimi?" akauliza Bibi. "Nimezaa na nani, na mzee nilishamzika?"

Wanawake wakacheka mpaka mchele ukamwagika, nami nikacheka (ndiyo, nilicheka!), halafu nikaona mmoja hacheki. Saida, mke wa mtoto wa Bibi, mwenye kichanga mgongoni, akainuka taratibu akaingia ndani. Kicheko kikakatika. Kila mtu akajua kadi ya bima ya Bibi ilimtibu nani.

"Alikuwa anakufa yule," Bibi akasema, sauti imeshuka. "Ungekuwa wewe ungefanyaje? Sasa mtanifungia kadi, vidonge vyangu nitapata wapi?"

Nikaapa kwamba utafiti haufungi kadi ya mtu, na siri za wagonjwa hazitoki.

"Mbona sisi wote tumeshasikia?" akauliza jirani.

Nikakunja karatasi zangu.

Bibi akajitoa kwenye utafiti siku ileile, haki yake, na msimamizi wangu akanikaripia hadi masikio yakawaka. Kadi haikufungwa, lakini habari ilinitangulia Mikumi: kila mlango niliobisha, mzee kadi imepotea, miwani imepotea, hata jina lake halikumbuki vizuri!

Nilirudi Rudewa kuomba radhi. Saida akanifungulia, akanisikiliza mpaka mwisho, akafunga mlango. Sitatamka tena ugonjwa wa mtu mbele za watu, hata yawe mafua.