Siku Mapendo Alipokataa Kutoka Darasani

Enzi zetu, sisi tuliokulia kwenye apatimenti za Brooklyn Park, Minnesota, hatukuwa na shamba la babu la kukimbilia wala mto wa kuogelea, na ndiyo maana wazazi wetu walipenda kusema mbele ya wageni kwamba hatukuwa na utoto. "Hawa wamelelewa na televisheni na hita," walisema, wakacheka, wakaongezeana chai. Nimelisikia neno hilo harusini, nimelisikia kanisani, nimelisikia hata matangani. Sasa nami ni mtu mzima, nalipa kodi ya nyumba yangu mwenyewe, kwa hiyo nalijibu. Utoto tulikuwa nao, tena mtamu, na asiyeamini akae hapa nimsimulie springi, majira theluji inapoyeyuka.

Theluji ya Minnesota haiondoki kwa adabu. Mwezi wa nne unaanza, wewe umeshaficha buti uvunguni, kesho yake unaamka paking nzima ni nyeupe tena. Lakini ilifika siku ambayo lile rundo walilokuwa wakisukumia pembeni mwa paking majira yote ya baridi lilianza kulegea, jeusi kwa vumbi na chumvi, na sisi tulilichimba kwa vijiti kama watafuta madini. Tulipata glavu zilizopotea tangu Krismasi. Tulipata kijiko. Mara moja tulipata kiatu cha mtoto ambaye familia yake ilikuwa imeshahamia Texas. Jua likiwaka kidogo tu, baridi ambayo ingewafanya ndugu zetu wa Nairobi wajifungie ndani, sisi tulivua majaketi tukacheza kati, mmoja katikati akikwepa mpira wa soksi, maana mpira wa kweli ungegonga magari ya watu. Mama akachungulia dirishani: "Wewe Moraa! Rudi uvae jaketi! Nimonia haiulizi pasipoti!" Nikavaa mkono mmoja, nikaacha wa pili ukining'inia, mchezo ukaendelea. Kutoka ghorofa ya chini ilipanda harufu ya chapati za mtu, na kila mmoja wetu aliomba kimyakimya iwe ni kwao.

Shuleni nako springi ilikuwa sikukuu ndefu. Darasa la nne tulipanda maharagwe kwenye vikombe vya karatasi, tukavipanga dirishani, na kila asubuhi tulivua makoti haraka tukakimbilia kuona cha nani kimechungulia. Kulikuwa na mazoezi ya kujikinga na kimbunga, tukijikunja chini kwenye korido, mikono shingoni, pua ikinusa zulia. Na kila Ijumaa asubuhi darasa letu lilisoma habari za shule kwenye spika. Hilo ndilo lilikuwa jambo kubwa. Ulisimama ofisini mbele ya kipaza sauti, ukasema kama theluji imekwisha uwanjani, ukasema bata bukini wamerudi bwawani, ukasema chakula cha mchana ni nini, na shule nzima ilinyamaza kukusikiliza, hata wa darasa la tano waliojiona wakubwa.

Mwaka ule, miaka ya elfu mbili na kumi na kitu, mwalimu wetu Misi Linda alileta mayai. Aliyaweka ndani ya mashine ya kuangulia, kisanduku chenye kioo juu na taa ya joto, akatuambia tusubiri wiki tatu. Tulisubiri vibaya. Tulipanda juu ya viti, tukabandika pua kwenye kioo mpaka kikajaa ukungu, tukagombana nani amesikia mlio na nani anadanganya.

Aliyekuwa na hamu kuliko wote hakuruhusiwa kusubiri nasi. Jina lake Mapendo. Familia yake ilitoka Kongo ya mashariki, na yeye alizaliwa katika kambi ya wakimbizi Tanzania. Walifika Minnesota katikati ya baridi kali, yeye na mama yake na wadogo zake, wakapewa apatimenti jengo la pili kutoka kwetu. Siku yake ya kwanza Misi Linda alimketisha karibu nami kwa sababu alisikia sote tunazungumza Kiswahili. Kweli tulizungumza, ila kwa mabishano. Mimi nilisema kati, yeye alisema nage. Tukitaja mboga za majani za nyumbani, mimi nilisema sukuma, yeye alisema sombe. Nilimcheka alivyosema, naye alinicheka zaidi, akasema Kiswahili changu kinatembea kama mtu aliyevaa buti. Kufikia mwezi wa tatu tulikuwa tukigawana kiti cha basi la njano na maziwa ya chokoleti.

Tatizo lilikuwa ratiba. Kila siku, saa ya sayansi ilipoanza, mwalimu wa Kiingereza alifika mlangoni, akatabasamu, akamwita. Mapendo aliondoka na daftari lake kwenda kile chumba kidogo cha mwisho wa korido kujifunza kutaja rangi na siku za wiki. Akirudi, mayai yameshaongelewa. Mimi ndiye niliyemsimulia kila kitu kwenye basi, naye aliuliza maswali ambayo sikuyaweza. Yamegeuzwa? Maji yako? Nani anayalinda usiku?

Basi ikafika siku. Mayai mawili yalikuwa yametoboka, la tatu limepasuka mstari mdogo, na ndani tulisikia mlio, safari hii bila ubishi. Misi Linda alituita tuzunguke meza. Mapendo alikuwa mbele kabisa, mikono kifuani. Mara mlango ukafunguliwa.

"Mapendo, tunaondoka," alisema mwalimu wa Kiingereza kwa upole.

Mapendo hakugeuka. Akaitwa tena. Ndipo akashika ukingo wa meza kwa mikono yote miwili, akaniambia mimi, kwa sababu hakuwa na mwingine wa kumwambia: "Leo mi siende. Kila siku wananitosha. Leo niko nangojea."

"Anasema haendi, kila siku mnamtoa," nilitafsiri.

Misi Linda akasema ni dakika chache tu, atayakuta. Nikamtafsiria Mapendo. Akatikisa kichwa, akaushika ule ukingo zaidi. Wenzetu walianza kucheka. Mwalimu wa Kiingereza akamgusa bega ili amwondoe, na mimi, mtoto niliyelelewa kutomjibu mwalimu hata nikiwa na haki, nikajikuta nimesimama kati yao.

"Haendi," nilisema. "Na mkimtoa yeye, nitoeni na mimi."

Wakatutoa sote wawili.

Ofisi ya mwalimu mkuu ilinukia kahawa. Tulikaa kwenye viti vya plastiki, miguu haigusi sakafu, tukasikia katibu akipiga simu. Mama yake Mapendo hakupatikana. Alikuwa kiwandani, na hata angepatikana asingeelewa anachoambiwa. Wakampigia baba yangu. Baba alifanya kazi kwenye nyumba ya kutunzia wazee, na nyumbani kwetu alikuwa na msemo mmoja ambao hatukuwahi kuushinda: "Mwalimu akisema, mimi nimeshasema."

Alikuja na sare zake za kazi, ile suruali ya bluu na shati lake, kitambulisho kikining'inia shingoni. Aliniangalia mara moja tu. Mwalimu mkuu, mama mrefu mwenye sauti ya taratibu, akamweleza kwamba tumekaidi, kwamba Kiingereza ni kwa faida ya mtoto huyu, kwamba ratiba ni ratiba. Baba alisikiliza mpaka mwisho, akiitikia kwa kichwa. Nilijua nimekwisha.

Kisha akachuchumaa mbele ya Mapendo, akamuuliza kwa Kiswahili, "Mama, hebu niambie. Kwa nini umekataa kutoka?"

Tangu afike shule ile, hakuna mtu mzima ofisini wala darasani aliyekuwa amemuuliza kitu kwa lugha aliyoweza kujibu. Alimtazama Baba, akanitazama mimi, halafu yakatoka yote.

"Mama alikuwa na kuku mu kambi," alisema. "Alikuwa analalia mayai. Siku basi ilikuja kutubeba, mayai ilikuwa haijapasuka. Tulimwachia jirani. Mi sijui kama walitoka. Nilitaka tu nione vile wanatoka."

Baba akanigeukia, akaniambia, "Mwambie mwalimu. Usipunguze kitu."

Nikamwambia, kwa Kiingereza changu bora cha kipaza sauti. Mwalimu mkuu akashika kalamu, akaiweka. Akasema anaelewa, inasikitisha sana, lakini somo la Kiingereza kisheria haliwezi kukosekana, labda wiki ijayo waangalie ratiba.

Baba akavuta kimoja cha vile viti vya plastiki, akakaa. Kiti kililia. "Kifaranga hatasubiri wiki ijayo," alisema, kwa kile Kiingereza chake cha Kisii tulichokuwa tukikionea haya mbele ya wenzetu, na ambacho siku ile kilisikika kama ngoma. "Mimi nimechelewa kazini na nitachelewa zaidi. Mtoto atarudi darasani aone, kisha atasoma Kiingereza mchana kutwa ukitaka. Mpaka hapo mimi niko hapa."

Hakupaza sauti. Alikunja mikono tu, akakaa kama mtu anayesubiri kinyozi. Mwalimu mkuu alimtazama, akatutazama sisi, akatazama saa ya ukutani. Nadhani hata yeye alichoka kuwa upande ule wa meza. Akasimama. "Basi twendeni," alisema. "Wote."

Tulipoingia darasani, vifaranga wawili walikuwa wameshatoka, wamelowa, wabaya wa sura, wanajikwaa. Lakini yai lenye ule mstari lilikuwa bado linahangaika. Misi Linda alitupisha mbele. Baba alisimama nyuma kabisa, kichwa kikikaribia kugusa sayari za karatasi zilizoning'inia darini. Ganda likaachana polepole mno, kifaranga akapumzika, akasukuma, akapumzika tena, na darasa lililokuwa likicheka sasa likabanana kuzunguka meza. Alipodondoka nje, watoto walipiga kelele, mayowe ya shangwe. Mapendo hakupiga kelele. Aliinama kwenye kioo akatazama mpaka yule kifaranga akainua kichwa.

"Basi na wale walitoka," alisema.

Sikumtafsiria mtu. Nikageuka nikamwona Baba anafuta miwani kwa pindo la sare yake.

Kwenye gari jioni nilingoja hukumu. Baba aliendesha hadi karibu na nyumbani ndipo akasema, "Ukimjibu mwalimu namna ile tena, tutaonana mimi na wewe." Taa nyekundu ikageuka, akaondoa gari. "Lakini leo ulisema vizuri."

Somo la Kiingereza lilihamishiwa saa nyingine. Ikaonekana ratiba ni kitu cha kuandikwa kwa penseli. Na Ijumaa, Misi Linda aliuliza nani atasoma habari za vifaranga, Mapendo akainua mkono. Katibu wa ofisi alisema kwa upole kwamba akisoma kwa Kiswahili hakuna atakayeelewa. Mapendo aliponiuliza amesema nini, nikamwambia. Akasema, "Wataelewa nyuma. Wewe utawaambia nyuma yangu." Basi akakisogelea kile kipaza sauti na kuitangazia shule nzima kwamba vifaranga wametoka wote, wana afya, na atakayekuja kuwaona anawe mikono. Kiswahili kwanza, Kiingereza baadaye. Kutoka jikoni tulisikia mama mmoja Mkenya wa pale kwenye chakula akipiga kigelegele kilichofika mpaka ofisini.

Wiki nzima wavulana wa darasa la tano walitufuata koridoni wakilia kama kuku. Sisi tulilia kama kuku zaidi yao, mpaka wao ndio walioona haya.

Vifaranga walirudishwa shambani walikotoka. Mwaka uliofuata familia ya Mapendo ilihamia Oakdale, upande wa pili kabisa wa miji hii miwili iliyoshikana, na kwa watoto wasio na gari huko ni kama nchi nyingine. Tulikutana tena tukiwa wakubwa. Leo anaendesha basi la shule, na nasikia watoto wa basi lake wanakaa wima.

Springi imekuja tena. Juzi nilipita kwenye apatimenti zetu za zamani. Rundo la theluji lilikuwepo pembeni mwa paking, limelegea vizuri kabisa, na hakuna mtoto hata mmoja aliyelichimba. Wako ndani. Mpwa wangu ananionyesha vifaranga kwenye simu, video iliyoharakishwa, yai linapasuka na kifaranga kukauka kabla hujakaa vizuri, kisha anatelezesha kidole aone kitu kingine. Nikimwambia sisi tulisubiri wiki tatu, ananihurumia.

Ananijibu kwa Kiingereza, kama wenzake wote. Kiswahili anakielewa, kila neno, hata nikimsema kwa mama yake. Watu wananiambia, anti, mwache mtoto, hii ni Amerika. Simwachi. Jumapili baada ya kanisa huja kwangu kuomba chai na mandazi kwa Kiingereza, nami nashika birika nasubiri, nikitabasamu. Anarudia kwa Kiingereza. Nasubiri. Wiki iliyopita alikasirika, akapiga mguu sakafuni, akasema kwa sauti ya kujaza nyumba, "Anti, si unipe chai!"

Nikammiminia mpaka juu.