Kofia ya Kifumulio

Huyu ni Fundi Pindo, binti wa mshona viatu wa sokoni, mjukuu wa mwanamke aliyesuka mikeka hadi vidole vikapinda. Ndiye aliyeshona sare za shule nzima kwa siku nne. Ndiye aliyelibana gauni la bibi harusi likiwa mwilini, gari linapiga honi nje, na sindano isiguse ngozi. Ndiye ambaye ukiingia mlangoni kwake alikutajia kiuno chako kabla hujamwamkia. Watu walisema jicho lake ni futi ya kupimia, naye akawaamini.

Jicho hilo ndilo lililomponza, tena kwa kitu kidogo kuliko kifungo cha shati.

Mke wa mwanawe alikuwa amepata kazi ya kujibu simu za wateja akiwa nyumbani, chumba cha pili, ukuta mmoja na cherehani. Alikuwa kwenye majaribio ya miezi mitatu. Msimamizi alisikiliza simu zake, na akizidisha kusema "rudia tafadhali", kazi hana. Alitumia zile spika ndogo za kuchomeka masikioni, zenye vipira laini kwenye ncha. Asubuhi moja kipira cha kushoto hakikuonekana.

Wakatafuta chini ya kitanda, ndani ya viatu, kwenye mifuko ya nguo chafu. Wapi! Mkwe akachomeka plastiki tupu hivyo hivyo, sikio likavimba, maneno ya wateja yakampita. Msimamizi akamwonya.

Jioni, mezani, mbele ya mwanawe na jirani aliyekuja kupima sketi yake, Fundi Pindo akafungua kinywa.

"Mwanangu, umeoa mikono iliyotoboka. Juzi kifuniko cha dawa ya mtoto, leo kipira. Kesho atampoteza mtoto mwenyewe."

Jirani akaangua kicheko. Mwana akainamia sahani. Mkwe akaondoa vyombo.

Kesho yake Fundi Pindo alikuwa akifumua pindo la suruali. Kifumulio, kile kidude chenye ncha ya kukatia nyuzi, kilikuwa na tabia ya kumchoma kila anapotia mkono kwenye kopo lake. Tangu juzi kilikuwa hakijamchoma, maana alikuwa amekivisha kofia: kitu laini cheupe alichokiokota sakafuni akifagia vipande vya kitambaa. Alikiokota bila kufikiri, kama alivyookota vifungo na pini maisha yake yote. Kitu chochote kidogo kilicholala sakafuni kwake kilikuwa mali ya kopo.

Akaivua ile kofia, akaitazama. Kumbe ni kile kipira cha mkwe.

Angeweza kuita. Mkwe alikuwa hatua sita tu. Mdomo ukagoma. Akavaa viatu vya kutokea, akaenda kwa muuza vifaa vya simu, bwana mnene anayekaa nyuma ya kabati la kioo lililojaa nyaya.

"Nataka kama hiki."

Bwana akakigeuzageuza. "Kimetanuka, kimepasuka, hata saizi haijulikani. Kimechomwa na nini?"

"Na mimi."

"Ulikuwa unakishona, mama?" Akatandaza vipira juu ya kioo: vidogo, vya kati, vikubwa. "Sikiliza. Tundu la kipira libane shingo ya spika, na kipira chenyewe kijaze sikio. Hiki cha mpira unakiosha. Hiki cha sponji unakiminya, kinavimba humo ndani, kinazuia kelele, ila kinachakaa upesi. Nyumbani kuna kelele gani?"

Fundi Pindo akakohoa. "Kuna cherehani."

"Ya nani?"

"Wewe uza vipira."

"Basi chukua sponji. Na sikio umekuja nalo?"

"Nimeliona. La kati. Miaka arobaini napima watu kwa macho."

"Sikio lina ndani, mama. Huko ndani umeingia lini?"

Akachukua cha mpira, cheupe, si kwa sababu kilifaa, bali kwa sababu kilifanana na kile kilichopotea. Alipofika nyumbani akakitupa nyuma ya mguu wa kitanda cha mkwe.

Haikupita saa, mkwe akaja na ufagio mkononi, akapiga magoti.

"Mama, kumbe kilikuwa chini ya kitanda! Nisamehe. Ulisema kweli, mikono yangu imetoboka."

"Haya," alisema Fundi Pindo, akaendesha cherehani mbio, na chini ya sindano hapakuwa na kitambaa.

Mchana ukuta ukaleta sauti: "Samahani, rudia tafadhali." Kisha tena. Akasimamisha cherehani, maneno bado yale yale. Mkwe akatoka, macho mekundu.

"Kinachomoka, mama. Sijui sikio langu limebadilika? Nimeonywa mara ya pili. Ya tatu ni kwaheri."

Jioni ile Fundi Pindo alimtuma mwanawe amwite jirani.

"Kaa, jirani. Jana ulicheka. Leo ucheke vizuri." Akaweka mezani kifumulio na kipira kilichopasuka. "Mikono iliyotoboka ni hii yangu."

"Na kile cha chini ya kitanda?" aliuliza mwanawe.

"Nilikinunua, nikakitupa pale. Saizi nayo nimekosea."

Jirani hakucheka. Mkwe akamgeukia Fundi Pindo.

"Mama, mimi nilipiga magoti."

"Ulipiga. Na mimi nikakuacha upige."

Asubuhi walikwenda wote wawili. Yule bwana akamjaribishia mkwe vipira vya sponji kimoja kimoja: "Tikisa kichwa. Tafuna hewa." Sikio la kushoto likakubali kipira kidogo, la kulia cha kati. Miaka yote ile jicho halikujua kwamba mtu mmoja ana masikio mawili tofauti.

Walipofika, Fundi Pindo akalishusha kopo lake kutoka rafuni, akamkabidhi mkwe.

"Kila jioni, kabla sijafunika cherehani, limwage mezani. Ukikuta kisicho changu, useme. Akiwepo mgeni, useme kwa sauti."

Mkwe akalipokea kwa mikono miwili, akalimwaga pale pale. Vifungo vikatawanyika, pini zikalia, na katikati yake kikabingirika kifuniko cha dawa ya mtoto.

Fundi Pindo akakiona, akakisogeza mbele ya mkwe.

"Anzia hapo, mwanangu," alisema. "Sema. Jirani yupo dirishani."