Ungo wa Bibi Jukwaani

Harufu ya pumba za mahindi ikinikuta sokoni Korogwe hunichosha kabla sijanunua chochote. Hunirudisha Kwaluguru, kwenye ungo wa bibi yangu mzaa baba, ule alioushona ukingo kwa uzi mwekundu.

Ndiyo kwanza tulikuwa tumehamishiwa huko, kijiji cha ujamaa. Watu waliozoea kukaa kila ukoo na bonde lake walipangwa mlango kwa mlango na wasiowajua. Mwalimu wetu, kijana mwenye bidii ya kuchosha, akaamua kutuunganisha kwa kuigiza tanzia ya kale ya Wazungu, mfalme akamgeuza chifu. Wachawi watatu wanamwambia shujaa kwamba kiti kitakuwa chake. Anamuua chifu aliyefika kwake kama mgeni, kisha kiti kinammaliza yeye.

Mimi nilikuwa mchawi wa tatu. Wenzangu walijipaka majivu tu. Mimi, msanii mkubwa, nilichukua kaniki ya bibi na ungo wake bila kuomba, nikaukalia jukwaani kama anayepaa. Watoto walicheka. Majirani zetu walinyamaza, nami nikadhani ni kipaji changu.

Kuanzia kesho yake hakuna aliyekuja kwetu kuomba moto. Mama Sefu wa nyumba ya pili, aliyezoea kuuazima ungo ule kila alipotwanga, alianza kupepeta kwa sinia. Kisha mwanawe akashikwa na homa. Tulipokutana kisimani alimwamkia bibi kwa adabu zote, halafu akauliza, “Huyu mjukuu wako ulimfundisha lini kuupanda?”

“Ungo ni wa kupepetea, mwanangu,” bibi alisema, akajitwisha ndoo.

Nyumbani nilingoja kofi. Bibi aliketi kizingitini, akavua kandambili. “Umecheza vizuri,” aliniambia. “Siku nyingine uniombe, nikupe ule mbovu.”

Mtoto alipona, lakini moto haukuombwa tena. Mvua zilipokatika bibi alirudi peke yake kwenye bonde letu la zamani. Alisema anakwenda kulinda mahindi, nyani wamezidi. Mwenyekiti wa kijiji, aliyekuwa mkali kwa kila aliyerudi mahameni, siku ile hakumwona akipita.

Nyani wale niliwaamini miaka mingi, mpaka baba aliponiambia kwamba msimu ule bonde lile halikulimwa.

Chuo kikuu nilipewa swali: je, wachawi ndio waliosababisha maafa ya tanzia ile? Nilijibu kwa kurasa saba, nikasifiwa. Ungo sikuutaja. Ulikuwa umebaki kwa bibi, mahali pasipokuwa na jirani wa kuuazima.