Soma Mwenyewe Kwanza

Kila asubuhi, kabla hajafungua dirisha la chumba chake kidogo upande wa kushoto wa hekalu, Ong Siu-kim huinua kioo kilichofunika meza, hutoa karatasi moja iliyogeuka rangi ya chai iliyolala, na kuisoma kwa sauti, kidole kikitembea chini ya kila neno. Akimaliza huirudisha, hufuta kioo kwa kiganja, ndipo hufungua dirisha. Wazee wa kamati ya hekalu waliizoea tabia hiyo zamani. Baadhi yao wanadhani ni dua.

Ana miaka sabini na minne. Hapa katika mji wa Lukang wakubwa kwa wadogo wanamwita Mwalimu, ingawa shule aliiachia darasa la pili, siku mama yake alipomtia kisu mkononi na kumkalisha mbele ya rundo la chaza. Aliyapasua magamba hayo miaka thelathini na zaidi, na hadi leo vidole vyake vina makovu membamba meupe.

Kazi yake ya sasa ni kufasiri kura. Mwenye swali hupiga magoti mbele ya Mama Mazu, mungu wa bahari, akajitaja jina, siku aliyozaliwa na mtaa anaokaa, maana mungu naye lazima ajue anasema na nani. Huchomoa kijiti chenye namba, kisha hurusha vipande viwili vya mti vilivyochongwa kama mwezi mchanga. Kimoja kikilala chali na kingine kifudifudi, mungu amekubali. Ikitoka hivyo mara tatu mfululizo, kijiti ni chake. Hapo huchukua karatasi ya namba ile na kumletea Mwalimu. Wengi ni vijana, na wengi swali lao ni moja: huyu niliye naye, ndiye?

Siu-kim kwanza huigeuza karatasi imwelekee mwenye swali na kumwambia, "Soma wewe kwanza." Wapo wanaonung'unika kwamba maneno ni ya kale, hawayaelewi. Huwajibu kwamba maana atawapa yeye, lakini maneno wayaone kwa macho yao.

Jumanne moja aliingia Le-hua, mwenye duka la nyuzi na vifungo karibu na soko, dada wa katibu wa kamati. Hakuwa na kijiti wala karatasi. Aliweka mezani boksi la keki za nanasi, akaketi, akauliza habari za magoti ya Siu-kim, za wajukuu, za mvua. Mwishowe akalitoa lililomleta. Binti yake Jui-han angekuja Jumamosi kuuliza juu ya Tsung-lin, fundi wa majokofu pale soko la samaki. Kijana si mbaya, alisema Le-hua, ana adabu, havuti sigara. Lakini katika lile duara la miaka ya wanyama kumi na wawili, amezaliwa mwaka wa Nyani, na Jui-han ni wa mwaka wa Chui-milia. Miaka sita kamili kati yao, wanyama wanaokabiliana. Nyani na Chui-milia wakiwekwa nyumba moja, hata sufuria hazikai rafuni.

"Dada yangu, sikuombi useme uongo," alisema. "Maneno ya kura ni kama mlango wa kusukuma. Huenda huku, huenda kule. Wewe usukume huku tu."

"Na ikitoka nzuri?"

"Ndiyo maana nimekuja na keki. Mkono mtupu haulambwi."

Siu-kim alilirudisha boksi taratibu mpaka likagusa mkoba wa mgeni. Le-hua alicheka kidogo, kisha akaacha kucheka. Akiwa mlangoni alisema kwamba kaka yake amekuwa akilalamika siku hizi, kuwa kiti hiki kinahitaji mtu mwenye macho ya ujana.

"Mwambie macho yangu yanaona boksi vizuri," alisema Siu-kim.

Alipobaki peke yake alikifuta kioo kwa kiganja. Kiti kile hakukipata kwa bahati. Alipokuwa na miaka kumi na tisa alimpenda A-tek, seremala wa makabati, kijana mwenye vumbi la mbao hata kwenye kope. Mama yake hakumtaka, lakini alisema basi, tuulize hekaluni. Siu-kim akachomoa kijiti, vipande vya mti vikakubali mara tatu. Mfasiri wa siku zile, mzee mwenye kucha ndefu, aliitazama karatasi, akatikisa kichwa, akasema ndoa hii haipo. Siu-kim hakujua kusoma hata herufi moja ya pale. Alilia wiki mbili, akamkatalia A-tek, na A-tek akahamia mji wa Taichung. Baadaye aliolewa na mfuga chaza aliyechaguliwa na mama, mtu mpole asiye na maneno mengi, wakazaa wawili, akamzika.

Karatasi ile aliiweka ndani ya kopo la biskuti. Alipofika miaka arobaini na moja, darasa la kisomo cha watu wazima lilifunguliwa karibu na bandari ya zamani, naye akajiandikisha. Wenzake wa kupasua chaza walimtania kwamba anataka kuwaandikia chaza barua. Mwaka wa pili akalifungua kopo. Kila karatasi ina mstari kwa kila jambo, na ule wa ndoa ulikuwa na maneno machache tu: taratibu, itatimia.

Alimwendea mama yake, aliyekuwa mzee sana wakati huo, akamuuliza. Mama alisema bila kuficha kwamba alimpelekea mfasiri kapu la chaza siku moja kabla. Alisema hivyo kama mtu anayeeleza alivyonunua chumvi. Tangu siku ile Siu-kim alijiapiza kwamba atajifunza karatasi zote za hekalu, na kwamba hakuna msichana atakayesomewa mbele yake kitu asichokiona. Ilichukua miaka kumi na mmoja kamati kumkubali.

Jumamosi Jui-han alikuja na mama yake nyuma yake. Alikuwa msichana mrefu mwenye sauti ndogo, mshonaji katika duka la mavazi ya harusi. Kupitia dirisha Siu-kim aliweza kumwona amepiga magoti. Kijiti cha kwanza, vipande vyote viwili vililala chali. Maana yake mungu alikuwa akimcheka tu. Akakirudisha, akachomoa kingine. Safari hii alikubaliwa mara tatu bila kusita.

Ilikuwa namba thelathini na nane. Siu-kim aliijua kwa moyo. Ni karatasi mbaya. Maua yametangulia majani, inasema, na baridi bado haijaondoka. Mstari wa ndoa hauna pa kujificha.

Hapo ndipo moyo ulipomshawishi. Msichana ni mpole, angeamini lolote. Neno moja tu, kwamba baridi huisha na maua huchanua tena, lingetosha kuusukuma mlango kule, na Le-hua angerudi nyumbani mikono mitupu. Alilitafuna wazo hilo kwa pumzi mbili. Kisha akaigeuza karatasi.

"Soma wewe kwanza."

Jui-han alisoma mpaka mwisho. Kwenye neno la mwisho sauti yake ilikatika: haitimii.

"Umeelewa?" Siu-kim aliuliza. "Inasema haitimii. Sitakupambia maneno. Ungeniuliza mara kumi ningekuambia hivyohivyo."

Le-hua alishusha pumzi na kumgusa binti bega. Haya, umesikia kwa masikio yako, alisema, twende tukanywe chai.

"Bado," alisema Siu-kim. "Mama yako alikuja hapa Jumanne na boksi la keki za nanasi, nikuambie haitimii hata kama ingetimia. Nililirudisha. Karatasi imetoka yenyewe. Nimetaka uyajue yote mawili."

Le-hua aliwaka uso mzima. Alisema kaka yake atayasikia haya, leo hii hii. Siu-kim alimjibu kwamba na ayasikie, na akitaka kuja, dirisha liko wazi mpaka saa kumi na moja.

Jui-han alimgeukia mama yake. "Mama, yaani bei yangu mimi ni boksi moja la keki?"

Mama alinyoosha mkono kuichukua karatasi, kwa kuwa karatasi mbaya huachwa hekaluni, haipelekwi nyumbani. Jui-han aliikunja mara mbili na kuitia mfukoni mwake.

Siu-kim akainua kioo. Akatoa ile ya rangi ya chai na kuiweka mbele ya msichana, akamsimulia kwa maneno machache ya A-tek, ya kapu la chaza na ya kopo la biskuti. Jui-han aliisoma polepole, kidole chake kikipita palepale kidole cha Siu-kim kinapopita kila asubuhi. Kisha akauliza swali moja, kwa ile sauti yake ndogo.

"Mwalimu, ulimkataa kwa sababu ya karatasi, au hukuwa na hakika naye?"

"Kwa sababu ya karatasi," alisema Siu-kim. "Hakika nilikuwa nayo."