Kordi Moja ya Kumzika Mama Mdogo

Mwaka ule nilijifunza kordi moja tu ya gitaa, A maina, ile yenye sauti ya huzuni. Nilikuwa nimejiwekea sheria kwamba sitagusa ya pili kabla ya kwanza kuwa safi kabisa.

Gitaa lilikuwa la binamu yangu, mtunza bustani huko Milimani. Mtoto wa tajiri wake alilitupa, naye akaliokota. Aliniazima kwa sharti moja: "Hizi nyuzi usizikaze. Ikikatika moja, hapa Kisumu utatoa wapi ingine?"

Nikatii. Vidole nilimwiga mwalimu wa kwaya, nikimkodolea macho kanisani kila Jumapili: cha kati na cha pete pamoja, cha shahada nyuma yao, karibu na kichwa cha gitaa. Nyumbani, vidole vile vile vilitoa kelele. Sikulilaumu gitaa. Mimi hujilaumu mwenyewe kwanza. Nikakata kucha mpaka damu ikatoka. Mwishowe nikakisogeza cha shahada mbele kidogo, vyote vitatu vikabanana mstari mmoja, na ile huzuni ya kanisani ikatoka.

Mama mdogo, aliyenilea, alikuwa mlangoni akichambua omena, vile visamaki vya ziwani.

"Nyathina, mwanangu, huyo maiti wako hazikwi? Ataoza."

"Bado namuosha, Mama."

Akacheka. Kisha akasema, "Mimi nikifa unichezee hiyo hiyo."

Nikasema sawa, kama mtu anayeahidi kuleta maji.

Alikufa kwa ugonjwa wa kifua kabla ya mvua kuisha. Angezikwa Sondu, kwa mume wake. Nilimwomba mwalimu wa kwaya nicheze, akakubali: yeye angeongoza wimbo kwa gitaa lake, mimi nipige ile kordi moja kila ubeti unapoanza. Siku ya mazoezi akanikabidhi gitaa la pili la kanisa, ambalo nyuzi zake alikuwa amezikaza mwenyewe.

Nikapiga. Ikatoka furaha tupu, bibi arusi anaingia mlangoni.

"Omera, ndugu yangu," mpiga ngoma akaniuliza, "kwani tunazika ama tunaoa?"

Kwaya nzima ikaangua kicheko.

"Rudia, kijana," mwalimu akasema.

Sikio langu lilijua ni kosa. Mkono haukujua njia nyingine. Nikarudia, na arusi ikarudi.

"Leteni keki!" mwanamke mmoja akapaza sauti kutoka nyuma.

Mwalimu akalitoa gitaa mikononi mwangu polepole, na upole wake ukaniuma kuliko kile kicheko. "Siku nyingine, bwana," akasema. Siku nyingine gani? Mama mdogo alikuwa na mazishi mangapi?

Sondu nilijipenyeza nikasimama karibu na mwalimu. Alipoanza kucheza, nikaona kidole chake cha shahada kiko nyuma, pale pale nilipokiweka changu siku ya kwanza. Ndipo nikaelewa. Uzi mmoja wa gitaa la binamu ulikuwa umelegea, sauti yake ikashuka, na badala ya kuukaza uzi, nilikisogeza kidole. Nilikuwa sahihi, kisha nikajisahihisha kwa miezi mingi mpaka nikaharibika.

Nikafanya mazoezi pale pale, vidole vikibonyeza mfuko wa suruali: nyuma, si mbele, nyuma. Ubeti wa mwisho ulipoisha niliinua macho nimtazame mama mdogo. Wanaume walikuwa tayari wanatupia udongo kaburini.