Jina la Kujazia Kikundi

"Dada yangu, mimi sina tatizo na wewe. Ni mfumo ndio unakukataa."

Ilikuwa mara ya nne narudishwa, dirisha lilelile la benki, kijana yuleyule wa tai. Mara ya kwanza nilimjibu asante. Asante! Mara hii nilimfungua mwanangu mgongoni, nikamkalisha juu ya kaunta, uji umemkaukia kidevuni, nikasema kwa sauti iliyomgeuza hata mlinzi wa mlangoni:

"Basi niitie huyo mfumo aje anikatae mwenyewe. Na akija amshike mtoto, mgongo unaniuma."

Foleni ikacheka. Mama mmoja mwenye kikapu akadakia, "Mbane hapohapo, mwanangu, na mimi nina langu!" Mimi sikucheka.

Kilichonipeleka pale ni kazi. Shule moja ya bweni huko Moshono ilinichukua kuwa mpishi, kazi yangu ya kwanza yenye barua tangu nimalize kidato cha nne. Sharti lao ni moja: mshahara unapita benki, kwenye akaunti yenye jina langu, na namba ya akaunti imfikie mhasibu kabla mwezi haujaisha. Kwa simu hawatumi, mkononi hawatoi. Nikichelewa anaitwa anayefuata, na Arusha hii wanaofuata hawaishi.

Kosa langu nalisema mwenyewe, asije mtu akanisemea. Nilipokuwa na miaka ishirini na mimba ya miezi mitano, nilipanga chumba huko Akheri, nje ya mji. Mama mwenye nyumba alikuwa mwenyekiti wa kikundi cha akina mama, vile vya watano watano: mnakopa benki pamoja, mnadhaminiana, mmoja akikwama wenzake wanambeba. Mmoja wao akahamia kwa mwanawe Moshi, wakabaki wanne, na benki haitoi kwa wanne. Mama akaja chumbani kwangu na bakuli la loshoro, mahindi yameelea kwenye maziwa mgando, akasubiri nile nimalize ndipo akasema:

"Mwanangu, hela hutaishika wala hutailipa. Niazime jina tu, tujazie kikundi."

Kule kwetu jina huazimwa kama chumvi. Unamnyimaje mtu ambaye maziwa yake yako tumboni mwako? Nikapeleka kitambulisho, nikaweka dole gumba. Fungu langu alilichukua yeye, akanunulia ng'ombe.

Kikundi kilikwama. Nyanya za wenzake wawili zilioza shambani, marejesho yakasimama, benki ikaanza kupiga simu. Mwisho mama akamuuza yule ng'ombe akalipa deni lote, lake na la wenzake. Mimi nikahama Akheri nikijua mambo yameisha.

Kumbe jina langu lilibaki kwenye orodha ya wadaiwa. Mara ya kwanza yule kijana aliniambia mtandao uko chini. Mara ya pili, njoo wiki ijayo. Mara ya tatu ndipo aliponong'ona kama anayenitajia ugonjwa wa aibu: "Una historia mbaya ya mikopo." Historia! Mimi ambaye dukani sijawahi kukopa hata kiberiti! Nikajaribu benki nyingine, nao wakaona hilohilo.

Nikapanda Akheri kwenye mvua, mtoto mgongoni.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba. Mbona uso umevimba hivyo, nani kafa?"

Nikamweleza. Akaingia ndani, akatoka na bahasha aliyoiweka pamoja na kadi za kliniki za wajukuu. Ndani kulikuwa na barua ya benki ileile ya yule kijana, ina mhuri: kikundi kimemaliza deni.

"Waambie aliyelipa ni ng'ombe wangu," akasema. "Kama bado wanadai, wamfuate huko machinjioni."

Barua hiyo ndiyo niliyokuwa nayo siku nilipomkalisha mtoto kwenye kaunta. Yule kijana aliisoma, akakubali kwamba ni yao, akarudisha macho kwenye kompyuta. "Barua ni sahihi, ila humu bado unadaiwa." Halafu akaona anisaidie. Akainama, akasema kwa upole: "Kwani baba yake mtoto hana akaunti? Si mshahara upitie kwake tu?"

Baba yake mtoto hajaleta hata kipande cha sabuni tangu mtoto aote meno. Nikeshe kwenye moshi wa sufuria za wanafunzi, halafu nikampigie yeye magoti anipe hela yangu? Hapo nikaacha kupiga kelele. Nikaomba karatasi mbili.

"Malalamiko unaweza kunieleza kwa mdomo, nitayafikisha."

"Ya mdomo umeyasikia mara nne. Lete karatasi, na kalamu isiyofungwa kamba."

Niliandika palepale, nakala mbili, mtoto akichezea mhuri wao. Niliandika kwamba deni lililipwa na barua yao naiambatanisha. Kwamba nilaumiwe kwa kuazimisha jina, sawa, lakini wao wasinilaumu kwa uvivu wao wa kutofuta walichokwisha kulipwa. Kwamba nataka jina langu lisafishwe, na sababu ya kunikataa niandikiwe, isiwe ya kunong'onezwa. Na kwamba leo hii, kabla sijatoka, nataka barua kwenda shuleni kueleza kuwa anayechelewesha akaunti ni benki, siyo mpishi. Wasiponijibu, nakala inakwenda ngazi ya juu yao, na mimi nitakwenda nayo.

Nikatia sahihi kwenye zote mbili, siyo dole gumba. Yule kijana akagonga mhuri wa kupokelewa kwenye nakala yangu, akanisukumia.

Nikamrudishia.

"Gonga tena. Wino haujashika."