Palipokuwa Peupe Kwenye Ramani ya Surua

Siku ya kwanza ya kazi ya ramani, hapa Kalemie, nilikuwa tayari muuguzi wa miaka mingi, lakini hata kuwasha kompyuta sikujua. Daktari Mkuu wa zoni ya afya alinikabidhi GPS, kamashine kadogo kanakosoma mahali mtu aliposimama, akasema, "Mama Yulia, wewe unajua vijiji vyote. Kuanzia leo, kila mugonjwa mwenye anaandikwa, tunamutia kwenye karte, hii ramani yetu."

Nilichukua madaftari ya vituo vya afya, nikaenda kwa pikipiki kila kijiji kilichotajwa, nikaandika namba za mahali pale. Ofisini kila mgonjwa akawa nukta moja kwenye ramani. Nukta zikisongamana, chanjo inaanzia hapo.

Mwaka ule wa surua, nukta zilijaa kando ya njia iendayo Niemba, hadi kwenye mto unaoikata. Ng'ambo ya mto palikuwa peupe kabisa. Msimamizi wa chanjo, mtu mwenye haraka, akafurahi.

"Kule hakuna ugonjwa. Tuwaache, dozi ni kidogo."

Surua haiogopi mto. Nilipima umbali toka vijiji vile hadi kituo: siku nzima kwa miguu, na daraja lilikuwa limebebwa na maji. Nikasimama kikaoni mbele ya wote.

"Dokta, karte haionyeshi wagonjwa. Inaonyesha wenye walifika kwetu. Kule hakuna muntu wa kuwaandika."

Daktari Mkuu akamwonyesha msimamizi kwa kidole. "Enda uone. Ukikuta watoto wazima, utaomba huyu papa musamaha."

Nilivuka kwa mtumbwi, pikipiki tumeilaza ndani. Katika kijiji cha kwanza, mwanamke aliyeitwa Mama Feza alinipeleka nyuma ya nyumba yake. Makaburi madogo, udongo ungali mbichi. Nilimwuliza kwa nini hawakutuma habari.

"Tulizani munajua," akasema. "Tulizani munakawia tu."

Tulitembea naye mlango kwa mlango, nikaandika kila nyumba yenye mtoto mgonjwa, na makaburi pia.

Niliporudi, nukta zikafunika ule weupe. Daktari Mkuu alivua miwani, akamgeukia msimamizi: "Dozi zote za leo zinavuka muto." Kisha akaniambia, taratibu, "Mama Yulia, na mimi niliona peupe, nikafikiri njo alama ya afya."

Chanjo ilivushwa kwa mitumbwi, ndani ya masanduku ya baridi. Ugonjwa ukapungua, ukaisha. Baadaye kituo kidogo cha afya kikafunguliwa kule kule, na Mama Feza ndiye aliyechagua kiwanja.

Sasa nimestaafu. Magoti yanauma kwa zile pikipiki, wala sijutii. Vijana wa ofisi wana picha za satelaiti zinazoonyesha hata mapaa ya nyumba, nao huja kwangu na ramani zao nzuri. Wananiita Mama Karte, na ninalipenda jina hilo kuliko cheo chochote nilichopewa. Ninaweka kidole mahali peupe, ninauliza, "Hapa alifika nani?"

Wengine hununa. Wengine huchukua kofia ya pikipiki, wakaenda.